Uzoefu Uliolipiwa na Wengine: Swali kuhusu Wakongwe wa Uwandani Wanaofundisha Maendeleo Endelevu

Swali la iwapo mtu aliyefanya kazi fulani kwa miaka mingi anastahili kuifundisha kwa sababu ya miaka hiyo ni la kale kuliko vyuo vikuu vyenyewe, lakini limepata uzito wa pekee katika masomo ya uzamili ya maendeleo endelevu ya kimataifa, ambayo hujinadi waziwazi kwa sifa kwamba walimu wake wametoka uwandani. Mwaka 2008 tume ya kimataifa iliyochunguza elimu ya watendaji wa maendeleo endelevu, chini ya uenyekiti wa pamoja wa Jeffrey Sachs na John McArthur na kwa ufadhili wa taasisi ya MacArthur ya Marekani, ilipendekeza shahada mpya ya uzamili ambayo ingeunganisha sayansi asilia, afya, sayansi ya jamii na uendeshaji wa miradi, na ambayo mwanafunzi asingeihitimu bila kufanya kazi uwandani. Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York kilikuwa miongoni mwa vilivyotangulia kuifundisha, na vyuo vya mabara mengine vikafuata. Mtendaji, kwa maana inayotumika katika masomo haya, ni mtu aliyepanga, kusimamia au kutathmini miradi ya maji, afya, kilimo, elimu au hifadhi ya mazingira, aghalabu katika nchi zaidi ya moja, na ambaye sasa ameketi mbele ya darasa ili kuwapa vijana kile ambacho inaaminika kwamba vitabu haviwezi kukitoa.

Imani hiyo haipaswi kudharauliwa, kwa maana ina mizizi mirefu katika falsafa. Aristotle, katika kitabu cha sita cha maadili yake yanayojulikana kwa jina la Nikomako, anatenganisha elimu ya mambo yasiyobadilika, kama vile hesabu za maumbo, na busara ya kutenda, yaani uwezo wa kutambua lipi linafaa kufanywa hapa na sasa, kwa watu hawa na katika hali hii. Kijana, anasema, anaweza kuwa bingwa wa hesabu, lakini si rahisi kumkuta kijana mwenye busara ya kutenda, kwa sababu busara hiyo inahusu mambo mahususi, na mambo mahususi hayajulikani ila kwa kuyapitia, jambo linalohitaji muda. Hufika hata mahali pa kushauri kwamba kauli za wazee na wazoefu, ingawa hazijathibitishwa kwa hoja, zisikilizwe kwa uzito uleule unaopewa kauli zilizothibitishwa, kwa kuwa uzoefu umewapa watu hao jicho la kuona.

Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis mwaka 1332, aliitazama hoja hiyo kutoka upande wa pili, na utetezi wake kwa watendaji huenda ndio ulio mkali kuliko wote. Katika Muqaddima, aliyoikamilisha mwaka 1377, anaeleza kwa nini wanazuoni ndio watu walio mbali zaidi na uendeshaji wa siasa: wamezoea kuyachota mambo kutoka katika hali halisi na kuyafanya kanuni za jumla akilini, kisha wanataka hali halisi ifuate kanuni hizo, ilhali kila tukio lina upekee wake ambao huenda ukaizuia kanuni isishike. Mtu wa kawaida mwenye akili timamu, asiyezoea kujumlisha hivyo, hulihukumu kila jambo kwa namna lilivyo na hukosea mara chache zaidi. Maneno haya hayakuandikwa na mtu aliyekuwa akiitazama siasa dirishani, kwa maana Ibn Khaldun alikuwa amewatumikia watawala wa Fez, Granada na Tunis, amefungwa gerezani, amefanya kazi ya ujumbe kati ya maadui, na baadaye akawa kadhi na mwalimu mjini Cairo. Yeye mwenyewe alikuwa mtendaji aliyegeuka mwalimu. Hata hivyo, katika kitabu hichohicho anasisitiza kwamba kufundisha ni ufundi unaojitegemea, wenye stadi zake zinazopatikana kwa mazoezi ya kufundisha, wala si tunda linalojiangukia lenyewe kutoka katika elimu au kazi nyingine yoyote. Kwa hiyo mtu aliyechimba visima maisha yake yote hajawa, kwa kuchimba tu, mwalimu wa kuchimba visima. Na vyuo vingi vinavyoajiri wakongwe wa uwandani vingeepuka aibu ya mihadhara isiyo na mpangilio kama vingelizingatia jambo hilo tangu mwanzo.

Ghazali naye, aliyeacha mimbari ya Nidhamiya ya Baghdad mwaka 1095 alipoona kwamba alichokuwa akikisema hakikuwa kimekaa ndani yake, alitofautisha kujua maana ya afya na kuwa na afya, kujua maana ya shibe na kushiba. Mkulima anayengoja mvua na mtaalamu anayeweza kueleza ukame kwa takwimu hawajui kitu kimoja, hata kama maneno yao yanafanana. Wanafalsafa hawa watatu wanakubaliana kwamba kuna ujuzi unaopatikana kwa kupitia tu, na kwamba anayeukosa ujuzi huo anakosa jambo la msingi. Wote watatu, hata hivyo, wanachukulia kwamba aliyepita katika jambo ndiye lililompata jambo lenyewe. Katika kazi ya maendeleo ya kimataifa dhana hiyo haisimami kwa urahisi, na hapo ndipo tatizo la kifalsafa linapoanza.

Fundi wa majahazi wa Lamu akikosea kuunga mbao, chombo huvuja mbele ya macho yake, mwenye chombo humrudia kwa hasira, na kosa humfunza kwa sababu limerudi kwake. Mtendaji wa maendeleo, kwa utaratibu wa kazi yenyewe, hukaa katika wilaya kwa muda wa mkataba, ambao kwa kawaida ni miaka miwili, mitatu au mitano. Huandika ripoti ya mwisho wakati pampu bado ni mpya na kamati ya maji bado inakutana. Kisha huhamia nchi nyingine, na huko hupokelewa kama mtu mwenye uzoefu wa mradi uliofanikiwa. Pampu ikiharibika mwaka wa saba, habari hiyo haimfikii. Mwaka 2009 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, ambao kwa miaka mingi walikuwa na misimamo inayopingana kuhusu thamani ya maamuzi ya wazoefu, walichapisha makala ya pamoja na kukubaliana kwamba hisia ya haraka ya mzoefu inastahili kuaminiwa pale tu masharti mawili yanapotimia: mazingira yawe na utaratibu unaoweza kutambulika, na mtu awe amepata nafasi ya kutosha ya kujifunza utaratibu huo kwa kuona matokeo ya maamuzi yake. Zimamoto, ambao Klein aliwachunguza, hupata matokeo ndani ya dakika chache. Mpangaji wa miradi ya vijijini huyakosa masharti yote mawili, kwa kuwa mazingira yake hubadilika kwa bei za dunia, kwa uchaguzi na kwa mvua, na matokeo humfikia mtu mwingine. Miaka yake mingi, basi, inaweza kuwa imemwongezea kujiamini bila kumwongezea ujuzi, na yeye mwenyewe hana njia ya ndani ya kutambua lipi kati ya hayo mawili limetokea.

Historia ya Tanganyika ina ushahidi mzito wa jambo hili. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu kuchunguza uwezekano wa kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki, ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Kiongozi wa ujumbe huo, John Wakefield, hakuwa mgeni wala mtu wa nadharia, kwa maana aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika yenyewe, na mmoja wa wenzake alikuwa na uzoefu wa kusimamia mashamba makubwa ya kampuni. Ndani ya wiki chache walipendekeza kufyekwa kwa ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, ikaenea Urambo na Nachingwea, na mapema mwaka 1951 ilifutwa, ikiwa imekula takribani pauni milioni 36 na kuacha karanga chache kuliko mbegu zilizopandwa. Udongo wa Kongwa uliganda kama saruji wakati wa kiangazi na kusaga vyuma vya majembe ya trekta, mvua zikakataa. Wagogo, ambao historia yao imejaa kumbukumbu za njaa zilizopewa majina moja baada ya nyingine, walikuwa wakiijua tabia ya mvua za nchi yao, lakini ujuzi wao haukuhesabiwa kuwa uzoefu. Ni muhimu kutambua kwamba hapa hapakukosekana wazoefu. Wazoefu ndio walioandika ripoti, na jina la mzoefu ndilo lililowafanya mawaziri wa London wasiulize maswali ambayo wangemuuliza mtu asiyejulikana.

Inaweza kujibiwa kwamba huo ulikuwa ukoloni, na kwamba mambo yamebadilika. Yamebadilika katika nia, lakini muundo wa kazi umebaki karibu vilevile. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa miaka 20 uliolenga kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya umbali wa mita 400 ifikapo mwaka 1991, na nchi wafadhili zikagawana mikoa: Wafini wakaenda Mtwara na Lindi, Waswidi katika mikoa ya Ziwa Victoria, na wengine kwingineko. Nia ilikuwa njema na wahandisi walikuwa watu wenye ujuzi wa kweli. Hata hivyo Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilikiri kwamba takribani nusu tu ya watu wa vijijini walikuwa na huduma ya maji, na kwamba karibu asilimia 30 ya miradi iliyojengwa haikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Sababu zimeelezwa mara nyingi: mitambo iliyohitaji dizeli ambayo kijiji hakikuweza kuinunua, vipuri vilivyopatikana katika nchi ya mfadhili peke yake, uendeshaji uliotegemea serikali kuu iliyokwisha kufilisika katika miaka ya 1980, na wanakijiji ambao hawakuulizwa nani angekuwa mwenye bomba. Pengo la wakati kati ya uamuzi na matokeo halizungumzwi sana kama sababu hizo, lakini ndilo lenye maana zaidi hapa. Wengi waliosanifu mabomba hayo walikuwa wameshaondoka matokeo yalipodhihirika, na huenda baadhi yao walikuwa kwingine wakifundisha kwa mfano wa mabomba hayohayo.

Neno endelevu lenyewe linaliongezea tatizo hili kina ambacho taaluma nyingine hazina. Tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland mwaka 1987 ilieleza maendeleo endelevu kuwa yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuviharibia vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Kwa maana hiyo, kipimo cha kazi kimewekwa mahali ambapo mtendaji hawezi kufika. Mtu anaweza kuwa na uzoefu wa kujenga, wa kupatanisha, wa kusimamia fedha, wa kuandika andiko la mradi linalopita kwa wafadhili. Hawezi kuwa na uzoefu wa uendelevu wa alichokijenga, isipokuwa amekaa mahali pamoja muda mrefu mno au amerudi baada ya miongo miwili. Anayesimama darasani na kusema kwamba ana uzoefu wa miaka 25 katika maendeleo endelevu huenda ana uzoefu wa mianzo mingi tu, na mwanzo ndiyo sehemu ya kazi isiyofundisha lolote kuhusu kudumu.

Je, kuna yeyote mwenye uzoefu wa kudumu? Wapo, na mfano wa Shinyanga unawaonyesha. Nchi ya Wasukuma ilifyekwa misitu yake kwa kampeni za kutokomeza mbung'o tangu enzi za Waingereza, kisha kwa kupanua mashamba ya pamba, na uhamishaji wa watu katika vijiji vya miaka ya 1970 ukawatenganisha wafugaji na maeneo waliyokuwa wakiyahifadhi. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa kifupi kama HASHI, kwa msaada wa Norwei. Mwanzoni mradi ulifanya kile ambacho miradi ya aina hiyo hufanya, yaani kuotesha miche katika vitalu, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na kuigawa. Mafanikio yake makubwa yalikuja pale watumishi wake walipogeukia ngitili, utaratibu wa zamani wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili nyasi na miti viote upya, kisha kulifungua katikati ya kiangazi wakati mifugo imekosa chakula. Maeneo ya ngitili yaliyokuwa yamebaki mamia machache ya hekta tu yaliongezeka hadi zaidi ya hekta 300,000 katika muda usiozidi miaka 20, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ujuzi ulioiokoa ardhi ile ulikuwa wa watu ambao matokeo ya maamuzi yao yalikuwa yakiwarudia kila kiangazi, kizazi baada ya kizazi. Walikuwa na masharti yote mawili ya Kahneman na Klein. Pongezi za watumishi wa HASHI ni za kweli na haziwezi kupunguzwa, lakini ni pongezi za kutambua mwalimu ni nani, jambo ambalo ni tofauti na kuwa mwalimu.

Hadi hapa hoja imekuwa ya ujuzi. Kuna hoja ya pili, ya maadili, ambayo ni nzito zaidi na ambayo katika masomo haya hutajwa mara chache mno. Mtendaji aliyejifunza kwa makosa alijifunza kwa makosa ambayo watu wengine waliyabeba. Kisima kilichochimbwa mahali pasipofaa kiliwafanya wanawake wa kijiji fulani watembee kilomita zilezile kwa miaka mingine kumi. Mikopo midogo iliyopangwa vibaya iliuza mbuzi wa mjane. Mbegu bora ambayo haikuvumilia ukame ilikula akiba ya kaya. Watu hao huitwa walengwa, yaani wale ambao mradi uliwakusudia, na hawakuombwa idhini ya kuwa gharama ya elimu ya mtu mwingine. Katika tiba, ambako madaktari wanafunzi nao hujifunza kwa miili ya wengine, karne ya ishirini ilizaa kanuni za idhini, za usimamizi na za kuripoti madhara, baada ya mateso makubwa kufichuliwa. Katika maendeleo vyuo vina kamati za maadili zinazochunguza utafiti, lakini mradi si utafiti, na kosa la mradi halina mahali pa kuripotiwa zaidi ya tathmini ambayo mfadhili ndiye aliyeilipia.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi uzoefu ambao mtendaji anauleta darasani, na ambao chuo kinamlipa kwa ajili yake, si mali yake peke yake. Sehemu yake ni deni. Neno deni linatumika hapa kwa uzito wake wa kimaadili, kama linavyoeleweka na Waislamu na Wakristo wa pwani na bara, ambao hufundishwa kwamba deni la mwanadamu kwa mwanadamu haliondolewi kwa toba ya siri peke yake, maadamu aliyedhulumiwa hajarejeshewa haki yake au hajasamehe. Mtendaji hawezi kurudi kwa kila kijiji. Lakini mwalimu ana namna moja ya kulipa iliyo katika uwezo wake kila siku ya kazi, nayo ni kusema ukweli wote kuhusu kile kilichotokea, ikiwa ni pamoja na nani alionya na hakusikilizwa.

Wajibu huo ni mgumu kuliko unavyoonekana. Kuna namna ya kusimulia makosa ambayo humtukuza msimuliaji: mzee wa uwandani hucheka ujinga wake wa ujanani, wanafunzi hucheka naye, na kosa hugeuka kuwa hatua katika safari ya ukomavu wake. Wanakijiji katika simulizi hiyo hubaki kuwa mandhari. Msimulizi mwadilifu angeanza na hasara ilivyowaangukia wao, angeeleza walichokijua ambacho yeye hakukijua, na angekubali kwamba somo alilolipata halifanyi hasara ile kuwa na faida. Wapo wanaofanya hivyo. Robert Chambers, aliyeanza kazi katika utawala wa kikoloni kaskazini mwa Kenya mwaka 1958, akawafunza watawala wa Kenya wakati wa kuelekea uhuru, kisha akafundisha kwa miongo mingi katika Taasisi ya Mafunzo ya Maendeleo ya Sussex, aliandika mwaka 1983 kitabu kinachochambua namna wataalamu, yeye akiwa miongoni mwao, wanavyoshindwa kuuona umaskini wa vijijini: hufuata barabara ya lami, huzuru mahali penye mradi, huongea na wanaume na viongozi, husafiri wakati wa kiangazi njia zinapopitika, na kwa heshima ya wenyeji wao hawaulizi maswali yanayouma. Thamani ya uchambuzi huo ni kwamba uliugeuza uzoefu kuwa kitu cha kuchunguzwa badala ya kuwa cheti. Unampa mwanafunzi silaha ya kumkagua hata mwalimu aliyeuandika.

Hapa kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa uaminifu. Mtu anaweza kusema kwamba hoja hizi zikikubaliwa, madarasa yatarudishwa kwa wananadharia ambao hawajawahi kulala kijijini, na hali itakuwa mbaya zaidi. Pingamizi hili ni sahihi katika hofu yake. Mwananadharia asiyetoka ofisini ana upungufu wote wa mtendaji pamoja na ule ambao Ibn Khaldun aliutaja, na juu yake hana hata kumbukumbu ya uso wa mtu aliyemwambia kwamba mpango hautafaa. John Dewey, ambaye mara nyingi hutajwa kama mtakatifu wa elimu kwa vitendo, aliandika mwaka 1938 kwamba si kila uzoefu unaelimisha, na kwamba upo uzoefu unaofunga njia ya kukua zaidi kwa kumfanya mtu awe mgumu wa hisia au mtumwa wa mazoea. Kwa maana hiyo, dawa ya uzoefu uliopotoka si kuuondoa uzoefu bali kuuweka chini ya ukaguzi. Chuo kinachomwajiri mkongwe wa uwandani kingepaswa kumuuliza ni mara ngapi amerudi mahali alipofanya kazi baada ya fedha kwisha, aliwakuta wakisema nini, na ni jambo gani aliloliamini ambalo waliofanyiwa kazi walimfanya aliache. Kingeweza pia kumlipia safari hiyo ya kurudi kama sehemu ya maandalizi ya kufundisha, kwa gharama ambayo ni ndogo ikilinganishwa na zile zinazotumika kupeleka wanafunzi uwandani kwa majuma machache. Ratiba za vyuo, zilizojaa mihadhara ya kubuni miradi, zina nafasi finyu mno ya kozi ya miradi iliyokwisha.

Ipo pia mifano ambapo darasa lenyewe lilipangwa kwa namna nyingine. Katika mji mdogo wa Antigonish, nchini Kanada, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1959 na kupewa jina la padri Moses Coady, kiongozi wa harakati za ushirika za wavuvi na wakulima wa Nova Scotia, iliwapokea kama wanafunzi watu ambao tayari walikuwa viongozi wa vyama na jumuiya katika nchi zao, wengi wao kutoka Afrika na Asia. Humo mzigo wa uzoefu uliegemea upande wa madawati. Mwalimu aliyesema jambo lisilo kweli kuhusu chama cha akiba na mikopo alikuwa mbele ya mtu aliyeendesha chama hicho na ambaye angerudi kukiendesha. Marekebisho ambayo mtendaji hayapati uwandani aliweza kuyapata darasani.

Afrika Mashariki ina jaribio lake, ambalo halikumbukwi kama linavyostahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, watafiti kama Marja-Liisa Swantz na Budd Hall, pamoja na wenzao Watanzania, walianza kufanya kile kilichoitwa utafiti shirikishi, yaani utafiti ambao wanakijiji hushiriki kuweka swali, kukusanya habari na kuamua maana yake. Mradi wa Jipemoyo, uliofanywa na watafiti wa Tanzania na Ufini katika eneo la Bagamoyo kuanzia mwaka 1975, uliiendeleza njia hiyo miongoni mwa wakulima na wafugaji. Wazo hilo lilizaliwa katika nchi iliyokuwa wakati uleule ikihamisha mamilioni ya wananchi wake kwa amri, na mkanganyiko huo haukuwapita walioufanya utafiti. Kutoka Dar es Salaam wazo lilisafiri duniani, na leo linafundishwa karibu katika kila shahada ya uzamili ya maendeleo, mara nyingi kama mbinu ya kukusanyia takwimu, likiwa limevuliwa dai lake la msingi kwamba anayeishi na matokeo ni mjuzi, na kwamba ujuzi wake una haki ya kutambuliwa kwa jina.

Dai hilo halijapata nafasi katika kanuni za vyuo vikuu vingi. Kanuni hizo zinaruhusu kumwajiri mwalimu mgeni mwenye miaka 30 ya kazi katika mashirika ya kimataifa bila shahada ya uzamivu, kwa hoja kwamba uzoefu wake ni sawa na shahada. Hazina kifungu cha kumlipa mwenyekiti wa kamati ya maji wa Nachingwea, au mwanamke wa Meatu, katika nchi ya Wasukuma, aliyesimamia ngitili ya ukoo kwa miaka 40, kwa kiwango kilekile na kwa hoja ileile. Wakialikwa, huitwa wageni wa darasa, hulipwa posho ya siku na nauli, na jina lao haliingii katika orodha ya walimu wa kozi. Hoja inayomruhusu wa kwanza na kumkataa wa pili ni nadra kutolewa kwa maandishi, na ni vigumu kuona ingeandikwaje, kwa kuwa kila sababu inayotajwa kumpa mtendaji mimbari, yaani kupitia jambo, kuona mambo mahususi na kukaa nalo muda mrefu, inamhusu mwanamke yule kwa kiwango kikubwa zaidi.